Dunia kulizunguka Jua: ushahidi ulipatikana lini hasa? (Uzi mrefu)

#1 Mtazama Anga

Wakuu, salaam.

Kuna hadithi ambayo wengi wetu tulifundishwa shuleni, na hata humu hurudiwa kila mada ya anga inapoibuka. Zamani watu hawakujua kitu, wakadhani Dunia imetulia katikati na Jua linaizunguka. Akaja Copernicus akasema sivyo. Akaja Galileo na darubini akathibitisha. Kanisa likamfunga, baadaye ukweli ukashinda. Kipindi kimeisha, fungueni ukurasa unaofuata.

Hadithi hiyo inaniuma kwa sababu inaruka sehemu tamu kuliko zote. Copernicus alichapisha kitabu chake mwaka 1543. Ushahidi wa kwanza wa moja kwa moja kwamba Dunia inasafiri ulipatikana kati ya 1725 na 1728. Ule mwingine, ambao watu walikuwa wakiutafuta tangu enzi za Wagiriki, ulipatikana 1838. Kutoka kitabu hadi kipimo hicho ni karibu miaka 300. Ndani ya miaka hiyo wako watu waliokataa, na wengi wao walikuwa na akili kali kweli. Walikuwa na swali moja ambalo hakuna aliyeweza kulijibu, na hilo ndilo nataka tulifuate hapa mpaka mwisho.

Swali lenyewe ni hili. Nyosha mkono, simamisha kidole gumba, fumba jicho la kushoto ukitazame kwa jicho la kulia. Sasa badilisha jicho. Kidole kimeruka kutoka sehemu moja ya ukuta hadi nyingine, ingawa hakijasogea. Aliyehama ni wewe, kutoka jicho hadi jicho. Kuhama huko kwa kidole, kunakoonekana machoni tu, kunaitwa paralaksi. Basi kama Dunia inalizunguka Jua, Januari tuko upande mmoja na Julai tuko upande wa pili, na kati ya hapa na pale ni kilomita milioni 300. Nyota zilizo karibu zinapaswa kuonekana zikihama mbele ya zilizo mbali. Watu wakatazama, mwaka baada ya mwaka. Hazikuhama.

Wagiriki walilijua hilo. Aristarko wa Samos, karne ya 3 kabla ya Kristo, alisema Jua ndilo limetulia na Dunia inalizunguka. Maandishi yake ya hoja hiyo yamepotea, tunaijua kwa sababu Archimedes aliitaja. Na Archimedes anatuambia pia kwamba Aristarko alizipeleka nyota mbali kupita kiasi, mbali hata njia yote ya Dunia ikawa kama nukta tu kwao. Kwa hiyo jibu la swali la paralaksi lilikuwepo tangu mwanzo: nyota ziko mbali mno. Shida ni kwamba halikupimika. Mmoja anasema nyota hazihami kwa sababu ziko mbali, mwingine anasema hazihami kwa sababu Dunia haihami. Kwa macho matupu utawatenganishaje hao wawili?

Ptolemaio wa Aleksandria, mnamo mwaka 150 baada ya Kristo, alichagua Dunia iliyotulia. Akatengeneza mfumo wa duara juu ya duara uliotabiri sayari zitakuwa wapi vizuri kiasi cha kutumika karne 14 hivi. Wanaomdharau Ptolemaio wajaribu kutabiri Mirihi itakuwa wapi Machi mwakani bila simu wala kompyuta.

Naendelea. Maswali ruksa.

#2 Bint Tanga

Shukrani mkuu, nimekaa mkao wa kusoma. Ila naona dalili za kuruka. Kati ya Ptolemaio na Copernicus kuna miaka zaidi ya 1,300, na sehemu kubwa ya muda huo falaki iliandikwa kwa Kiarabu. Usitupitishe hapo kama mtu anayekimbilia basi.

#3 Mtazama Anga

Dada, siruki, na umefanya vizuri kunishika.

Wanafalaki wa Kiislamu ndio waliousoma mfumo wa Ptolemaio kwa ukali kuliko wote. Ibn al-Haytham, karne ya 11, aliandika kitabu kizima cha mashaka juu yake. Kilichomkera ni hiki: Ptolemaio alisema mizunguko ya mbinguni ni duara zenye mwendo sawa, halafu akaifanya sayari iende mwendo sawa ukipimwa kutoka nukta iliyo kando ya kitovu cha duara lake. Hesabu ilitoka, lakini alikuwa amevunja sheria aliyojiwekea mwenyewe.

Nasir al-Din al-Tusi, katika kituo cha kutazama anga cha Maragha kilichoanzishwa 1259 huko Uajemi, aligundua kwamba duara likibingirika ndani ya duara lenye upana maradufu, nukta iliyo ukingoni mwa duara dogo hutembea kwenye mstari ulionyooka, mbele na nyuma. Kwa mbinu hiyo aliweza kuiondoa ile nukta ya kando. Kisha Ibn al-Shatir wa Damascus, karne ya 14. Huyu alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umayya, mtu wa kupanga nyakati za swala kwa kutazama anga. Mfumo wa Ptolemaio ulikuwa unausogeza Mwezi karibu na Dunia na kuupeleka mbali, kiasi kwamba nyakati fulani Mwezi ungepaswa kuonekana karibu mara mbili ya ukubwa wake wa kawaida. Kila mwenye macho anajua haiwi hivyo. Ibn al-Shatir akautengeneza upya, na hesabu yake ya Mwezi ndiyo hiyo hiyo tunayoikuta baadaye kwa Copernicus. Mbinu ya al-Tusi nayo imo kwa Copernicus. Wanahistoria bado wanajadiliana zilimfikia kwa njia gani.

Wote hao waliiacha Dunia katikati, na swali la paralaksi likabaki pale pale. Ila wao ndio walioonyesha kwamba Ptolemaio anaweza kusahihishwa.

#4 Mtazama Anga

Sasa Copernicus. Alizaliwa Toruń, Poland, 1473, akafanya kazi ya kanisa karibu maisha yake yote huko Frombork. Kitabu chake kilichapishwa Nürnberg mwaka 1543, mwaka aliofariki. Ndani yake kuna dibaji isiyo na jina, iliyoandikwa na Osiander, mchungaji wa Kilutheri aliyesimamia uchapishaji. Inasema haya yote ni njia ya kurahisisha hesabu tu, si lazima yawe kweli. Copernicus hakusema hivyo. Yeye aliamini Dunia inatembea kweli.

Alikuwa na ushahidi gani mpya? Hakuwa nao. Hakuona kitu angani ambacho wengine hawakukiona. Utabiri wake wala haukuwa mzuri sana kuliko wa Ptolemaio, na bado alihitaji viduara juu ya maduara kwa sababu aling'ang'ania kwamba kila mwendo wa mbinguni ni wa duara.

Alichokuwa nacho ni mpangilio, na hapa nakaa kidogo. Kila baada ya miezi 26 hivi, Mirihi husimama kati ya nyota, hurudi nyuma wiki kadhaa, kisha huendelea mbele. Ptolemaio aliipa kiduara cha ziada ili irudi nyuma. Kwa Copernicus, Mirihi hairudi popote. Dunia iko njia ya ndani na ina kasi zaidi, hivyo inaipita Mirihi, na wakati wa kuipita Mirihi inaonekana kama inarudi. Ndiyo maana inarudi nyuma wakati ule ule inapokuwa mkabala na Jua na inapong'aa sana. Ptolemaio alilazimika kuyapanga hayo yatokee pamoja. Kwa Copernicus yanatokea yenyewe.

Kisha ukishaiweka Dunia njiani, unaweza kupima umbali wa sayari kwa kulinganisha na umbali wetu kutoka kwenye Jua. Copernicus alipata Zuhura 0.72, Mirihi 1.52, Mshtarii 5.2, Zohali 9.2. Vipimo vya leo: 0.72, 1.52, 5.2, 9.5. Mimi nikiziangalia namba hizi, naelewa kwa nini mtu kama Kepler, tutakayemkuta mbele, aliamini kabla ushahidi wenyewe haujapatikana.

Lakini ushahidi bado. Na sasa anakuja mpinzani mkubwa kuliko wote.

Tycho Brahe, Mdenmaki. Mfalme alimpa kisiwa cha Hven mwaka 1576, akajenga huko vyombo vikubwa vya kupimia anga, vyote bila lenzi kwa sababu darubini ilikuwa haijabuniwa. Usahihi wake ulifika dakika 1 ya tao hivi. Kwa wasiozoea: digrii 1 ina dakika 60, na dakika 1 ina sekunde 60. Mwezi mpevu una upana wa dakika 30 hivi. Yaani Tycho alipima mpaka sehemu ya thelathini ya upana wa Mwezi, kwa jicho.

Akatafuta paralaksi ya nyota. Hakuna.

Halafu akapiga hesabu iliyonifanya nimheshimu. Kama Dunia inatembea na paralaksi ni ndogo kuliko dakika 1, basi kati ya Zohali na nyota za karibu kuna utupu mara 700 ya umbali wa Zohali. Utupu wa nini wote huo? Zaidi ya hapo, nyota angavu kwa macho huonekana zina upana wa dakika moja au mbili. Kitu chenye upana wa dakika moja kikiwa mbali kiasi hicho ni kikubwa kama njia nzima ya Dunia kuzunguka Jua. Yaani kila nyota angavu inakuwa jitu la kutisha, na Jua letu punje. Tycho akaona hilo haliwezekani. Upana ule wa nyota ni wa uongo, unatokana na jinsi mwanga unavyotawanyika unapoingia kwenye jicho au darubini, lakini hilo lilikuja kueleweka vizuri karne ya 19. Kwa aliyeishi mwaka 1590, hoja ya Tycho ilikuwa nzito.

Kwa hiyo akatoa mfumo wake: sayari zote zinalizunguka Jua, na Jua pamoja na sayari zake linaizunguka Dunia iliyotulia. Ushikeni mfumo huu, utarudi.

#5 Mkulima wa Njombe

Mkuu, mbona ushahidi tunao kila mwaka bila darubini? Wazee walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwezi wa tano kilimia hakionekani, mwezi wa sita kinatokea alfajiri mashariki, mwezi wa kumi na mbili kiko juu usiku. Nyota zinabadilika kwa majira kwa sababu sisi tunatembea. Huo si ushahidi?

#6 Mtazama Anga

Mzee wangu, umetaja jambo la kweli kabisa, na sababu yake ni hiyo hiyo uliyosema. Mwezi Mei Jua liko upande ule ule wa kilimia, ndiyo maana kinapotea kwenye mwanga wake. Mwezi wa kumi na mbili tumeshahamia upande wa pili, na usiku tunakitazama uso kwa uso.

Lakini mweke Tycho hapa tubishane naye. Atasema: Jua ndilo linalotembea kati ya nyota, likizunguka Dunia kwa mwaka mmoja. Mwezi Mei limefika kwenye kilimia, limekifunika. Desemba liko upande mwingine. Kalenda ya mkulima haibadiliki hata siku moja. Mifumo yote miwili inatoa kilimia kile kile, tarehe ile ile. Ndiyo maana watu wa mataifa mengi walilima kwa nyota maelfu ya miaka, kwa usahihi mkubwa, bila kulazimika kuamua nani anatembea. Ili kuamua, ilibidi kipatikane kitu ambacho mfumo mmoja unakitabiri na mwingine unakikataa.

#7 Mkulima wa Njombe

Hapo umenishika. Endelea.

#8 Mtazama Anga

Kepler. Mjerumani, alifika Prague kwa Tycho mwaka 1600, na Tycho alipofariki mwaka uliofuata akabaki na daftari za vipimo vya miaka mingi. Alipewa Mirihi aishughulikie. Alijenga mfumo wa duara uliolingana na vipimo vya Tycho karibu kote, isipokuwa sehemu fulani ulikosea dakika 8 za tao. Dakika 8, robo ya upana wa Mwezi na kidogo zaidi. Copernicus angezipuuza, kwa sababu vipimo vya zama zake havikufika usahihi huo. Kepler alijua Tycho hakosei dakika 8. Akatupa kazi yote akaanza upya, na mwenyewe aliandika kwamba dakika hizo 8 ndizo zilizofungua njia ya kuijenga upya elimu yote ya nyota.

Mwisho wa kuhangaika huko, kitabu kikatoka 1609: njia ya Mirihi si duara, ni duaradufu, na Jua limekaa kwenye mojawapo ya nukta zake mbili za ndani. Sayari ikilikaribia Jua inaongeza kasi, ikilipa mgongo inapunguza. Viduara vyote vya nyongeza vikafutika. Mwaka 1619 akaongeza sheria inayounganisha umbali wa sayari na muda wake wa kuzunguka, na Dunia ikaingia kwenye sheria hiyo sawasawa na sayari nyingine, bila kubembelezwa.

Majedwali yake yalitoka 1627. Yalitabiri kwamba Utaridi itapita mbele ya uso wa Jua Novemba 1631. Kepler alifariki 1630. Tarehe 7 Novemba 1631, Pierre Gassendi akiwa Paris aliuangusha mwanga wa Jua kwenye karatasi kupitia darubini, akaona kidoa cheusi kinapita. Nadhani tukio hili liliwavuta wanafalaki wengi kuliko mabishano yote ya Roma.

#9 Fundi Redio

Mbona unamkwepa Galileo? Huyo ndiye aliyechomwa moto na Kanisa kwa sababu ya jambo hili.

#10 Mtazama Anga

Ndugu yangu, Galileo hakuchomwa. Aliyechomwa Roma mwaka 1600 ni Giordano Bruno, na mashtaka yake mengi yalikuwa ya imani. Galileo alihukumiwa 22 Juni 1633, akalazimishwa kukana, akafungiwa nyumbani kwake Arcetri mpaka alipofariki Januari 1642. Ni dhuluma tosha, haihitaji kuongezewa moto.

Alichoona: Januari 1610 aliona miezi minne ikiizunguka Mshtarii. Basi si kila kitu kinaizunguka Dunia. Mwishoni mwa mwaka huo akaona Zuhura ikibadilika sura kama Mwezi, kutoka hilali hadi karibu duara kamili. Kwa mfumo wa Ptolemaio, Zuhura iko daima kati yetu na Jua, haiwezi kamwe kuonyesha uso mpevu. Hapo Ptolemaio akaanguka.

Sasa mrudisheni Tycho. Kwake Zuhura inalizunguka Jua, kwa hiyo itaonyesha sura zote hizo. Galileo alimwangusha Ptolemaio, hakumwangusha Tycho. Wajesuti wa Roma waliziona sura za Zuhura kwa macho yao, wakakiri, na wengi wakahamia kwa Tycho. Mwaka 1615 Kardinali Bellarmine aliandika kwamba kama kungekuwa na uthibitisho wa kweli kwamba Dunia inalizunguka Jua, ingebidi Maandiko yanayoonekana kupinga yafasiriwe kwa uangalifu, ila yeye hajaonyeshwa uthibitisho huo. Kwa mwaka huo alisema kweli, haukuwepo. Galileo alijaribu kuuleta kwa hoja ya maji kujaa na kupwa baharini, akidai husababishwa na mwendo wa Dunia, na hoja hiyo haikuwa sahihi.

Msinielewe vibaya. Kutokuwa na uthibitisho si sababu ya kumnyamazisha anayeutafuta. Mwaka 1616 kitabu cha Copernicus kilizuiwa mpaka kirekebishwe, na vitabu vya hoja hii viliondolewa kabisa kwenye orodha ya vilivyokatazwa mwaka 1835. Mtu akisema "sijashawishika" yuko ndani ya haki yake. Akisema "na wewe usiandike", hapo ameharibu. Mambo hayo mawili watu huyachanganya, na kwa kuyachanganya tunashindwa kuona nani alikosea nini.

#11 Mama Furaha

Mimi naomba kuuliza la kizamani. Umesema tunatembea. Kwa kasi gani, na kwa nini hatuhisi?

#12 Mtazama Anga

Dada, kilomita 30 kila sekunde. Kutoka Dar hadi Dodoma kwa sekunde 15 hivi. Na hapa ndipo Galileo alipofanya kazi ambayo mimi naiona kubwa kuliko ya darubini. Alisema jifungieni ndani ya chumba cha chini cha meli, mkiwa na vipepeo na chupa inayodondosha maji. Meli ikienda mwendo uleule bila kuyumba, vipepeo wataruka pande zote kama kawaida na tone litaanguka chini yake hasa. Hakuna jaribio la ndani litakalokuonyesha kama meli imesimama au inakwenda. Tunachohisi ni mabadiliko ya mwendo, na ya Dunia njiani ni madogo mno kwa mwili wa binadamu. Newton alikuja 1687 akalifunga hilo kwa hesabu, pamoja na nguvu inayoishika Dunia kwenye njia yake. Baada ya Newton wanafalaki wachache tu walibaki na Tycho, maana ilikuwa vigumu kueleza Jua kubwa namna ile lizunguke kitu kidogo.

Lakini kuona hasa, bado.

#13 Mtazama Anga

London, Desemba 1725. Samuel Molyneux, tajiri mpenda nyota, amefunga kwenye dohani la nyumba yake huko Kew darubini ya urefu wa futi 24, imesimama wima ikitazama juu moja kwa moja. Fundi wake ni George Graham, mtengeneza saa. Rafiki yake James Bradley anasaidia. Wanaifuata nyota moja ya kundi la Tinini, Gamma Draconis, kwa sababu inapita karibu utosini pale London, na mwanga unaotoka utosini haupindishwi na hewa. Wanatafuta paralaksi. Robert Hooke aliitafuta kwenye nyota hiyo hiyo mwaka 1669, akadhani ameiona.

Kama paralaksi ipo, Desemba nyota ingekuwa imefika mwisho wake wa kusini na isisogee sana. Wiki mbili tu baadaye Bradley akatazama, nyota imekwenda kusini zaidi. Wakafikiri chombo kimelegea. Wakakikagua, hakijalegea. Nyota ikaendelea kusini mpaka Machi, sekunde 20 za tao. Ikasimama. Ikageuka. Juni ikarudi ilipokuwa Desemba. Septemba ikawa kaskazini kwa kiasi kile kile. Desemba ikarudi ilipoanzia.

Nyota inahama kwa mwaka mmoja! Ila inahama miezi mitatu nje ya wakati wake. Si paralaksi. Bradley akatoboa paa la nyumba ya shangazi yake huko Wanstead, akaweka chombo chake mwenyewe kidogo zaidi, akatazama nyota nyingine. Zote zinacheza mchezo ule ule.

Inasimuliwa kwamba jibu lilimjia akiwa kwenye mashua mtoni Thames. Kila mashua ilipogeuza mwelekeo, bendera ya mlingotini ilibadilisha upande ingawa upepo haukubadilika. Mimi huwa naeleza kwa mvua: ukisimama, mvua isiyo na upepo inakushukia wima, ukianza kukimbia inakupiga usoni na inabidi uinamishe mwavuli mbele. Mwanga wa nyota ndiyo mvua, Dunia ndiyo mkimbiaji, na darubini lazima iinamishwe kidogo kuelekea tunakokwenda. Miezi sita baadaye tunakwenda upande wa pili, inainamishwa upande wa pili.

Kiasi gani? Dunia kilomita 30 kwa sekunde, mwanga kilomita 300,000 kwa sekunde. Gawanya, unapata moja ya elfu kumi. Igeuze kuwa pembe: sekunde 20 na nusu za tao. Karibu na hicho ndicho alichopima. Kutokana nacho akakadiria pia kwamba mwanga wa Jua unatufikia kwa dakika 8 na sekunde kumi na kitu.

Barua yake kwa Halley, mwanafalaki mkuu wa Uingereza, ikasomwa mbele ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, Januari 1729. Kwa Dunia iliyotulia, kila nyota mbinguni ingebidi icheze kwa kiasi kimoja, kwa mwaka mmoja, kila moja kwa upande wake, bila sababu yoyote. Kwa Dunia inayotembea, ni jambo moja tu. Kama wajukuu wakiniuliza ni lini binadamu alijua kwa kupima kwamba Dunia inasafiri, hapa ndipo nitakapowaonyesha.

Bradley aliongeza kwamba paralaksi ya nyota ile ingefika sekunde 1, angeiona. Hakuiona. Basi iko mbali zaidi ya mara 200,000 ya umbali wa Jua. Ule utupu uliomtisha Tycho upo, na ni mkubwa kuliko alivyoogopa.

#14 Bint Tanga

Na ile pendulumu ya Foucault ya Paris, ule uzito unaoning'inia na kubembea? Shuleni tuliambiwa ndiyo ushahidi.

#15 Mtazama Anga

Ile ya 1851 inaonyesha Dunia inajizungusha yenyewe kwenye mhimili wake, yaani mchana na usiku. Kuzunguka Jua ni suala lingine. Halafu inategemea uko wapi. Paris mwelekeo wa kubembea kwake unazunguka mara moja kwa saa 32 hivi, Dar es Salaam ungechukua zaidi ya siku 8, na kwenye ikweta kabisa hauzunguki. Mwalimu wa kwetu akiijenga asiwakatishe tamaa wanafunzi.

#16 Mtazama Anga

Namalizia deni la paralaksi.

Miaka ya 1830 watu watatu waliikaribia kwa wakati mmoja. Friedrich Bessel huko Königsberg alichagua nyota hafifu iitwayo 61 Cygni, kwa sababu kwa miaka mingi ilionekana ikisogea haraka kati ya wenzake, dalili kwamba iko karibu. Darubini yake ilitoka karakana ya Fraunhofer, lenzi imekatwa nusu mbili zinazoteleza ili kupima pengo kati ya nyota na nyota. Mwaka 1838 akatangaza: theluthi moja ya sekunde ya tao hivi. Mwezi una upana mara elfu sita hivi ya hapo. Kipimo cha leo ni sekunde 0.286, na mwanga wake unatufikia kwa miaka 11 na zaidi kidogo. Wilhelm Struve naye alikuwa akiipima Vega huko Dorpat.

Wa tatu alikuwa Afrika. Thomas Henderson, Mskoti, alikuwa kwenye kituo cha kutazama anga cha Cape, Afrika Kusini, miaka ya 1832 na 1833, akapima Rijili Kantori, ile Alpha Centauri. Vipimo alikuwa navyo kabla Bessel hajaanza vyake. Akarudi Scotland, akawa na shaka navyo, akavishikilia. Alivitoa Januari 1839, Bessel ameshatangulia kwa wiki chache. Nyota aliyoipima ndiyo jirani yetu wa karibu kuliko zote zinazoonekana kwa macho, na paralaksi yake, robo tatu ya sekunde, ni kubwa zaidi ya mara mbili ya ile ya Bessel. Historia hii ya kwetu kusini hupitwa kila siku bila kutajwa.

#17 Mkulima wa Njombe

Hiyo Rijili Kantori tunaiona huku?

#18 Mtazama Anga

Sana, mzee wangu. Katikati ya Juni, saa tatu usiku, tazama kusini. Utaona nyota mbili angavu ziko jirani, na kulia kwake Salibu, ule msalaba wa nyota nne. Ile ya mbali zaidi na Salibu ndiyo Rijili Kantori. Kwa Dar iko digrii 36 juu ya upeo, Nairobi digrii 30 hivi, kwako Njombe juu kidogo zaidi.

#19 Fundi Redio

Nimekubali kuhusu Galileo. Ila sekunde sifuri nukta kitu, hizo ni namba za wataalamu. Mtu wa kawaida anaweza kuiona hiyo paralaksi kwa macho yake?

#20 Mtazama Anga

Kwa upana wa njia ya Dunia pekee, hapana, utahitaji darubini, kamera na subira. Wapo watu wasio wataalamu waliofanya hivyo. Lakini ukienda mbali zaidi ya Dunia, inawezekana. Aprili 2020 chombo cha New Horizons, kilichokwisha kuipita Pluto, kilikuwa kilomita karibu bilioni 7 kutoka kwetu. Kikapiga picha nyota mbili, Proxima Centauri, ambayo ni mwenza wa Rijili Kantori, na Wolf 359. Darubini za Duniani zikazipiga picha wakati ule ule. NASA wameziweka picha hizo mtandaoni bure. Ukiziweka mbili mbili kando kwa kando, nyota zote za nyuma zimetulia mahali pake, na ile ya karibu imehama wazi wazi, huhitaji kupima chochote. Zitafute, kisha urudi hapa utuambie.